Kagua Plagini za Nywila Kabla ya Kupandisha Toleo la MySQL

Iwe ni zahanati Dongobesh, SACCOS Katesh au ofisi ya shule Haydom, kumbukumbu zikiwa kwenye kanzidata ya MySQL, kila akaunti inayoingia huthibitishwa na plagini ya nywila iliyomo ndani ya seva. Fundi wa TEHAMA akipandisha toleo bila kuikagua, watumishi wanaweza kufungiwa nje.

Ya zamani

mysql_native_password hutumia SHA-1 bila kuongeza herufi za nasibu. Wawili wenye nywila moja huwa na alama moja kwenye jedwali, na mwizi wa nakala hurahisishiwa kazi. Toleo la 8.4 (2024) huja likiwa limeizima. Unaweza kuiwasha kwa muda. Toleo la 9.0, la mwaka huohuo, limeiondoa kabisa.

Mpya

caching_sha2_password ndiyo ya kawaida tangu 8.0 (2018). Huongeza herufi za nasibu kwa kila nywila na kurudia ukokotoaji wa SHA-256 mara 5,000. Ili kuokoa muda, akaunti ikishaingia mara moja, seva huhifadhi alama ya nywila yake kwenye RAM.

Umeme ukikatika, hifadhi hiyo hufutika. Seva ikiwaka, uingiaji wa kwanza hudai njia salama: TLS au ufunguo wa RSA. Kompyuta ya mapokezi isiyo na hata kimoja hukataliwa, ingawa jana iliingia vizuri. Usikimbilie kubadili nywila. Kagua njia ya mawasiliano.

Hatua za kufuata

1. Chukua nakala ya akiba, uihifadhi nje ya seva.
2. Orodhesha akaunti: SELECT user, host, plugin FROM mysql.user;
3. Sasisha kiunganishi cha programu yenu na uwashe TLS.
4. Hamisha akaunti moja ya majaribio: ALTER USER 'jaribio'@'%' IDENTIFIED WITH caching_sha2_password BY 'nywila_mpya';
5. Zima seva, iwashe, kisha ingia kutoka kompyuta nyingine. Ikikubali, hamisha akaunti zilizobaki.

Wenye MariaDB wasinakili amri ya hatua ya 4: mfumo huo una plagini yake, ed25519.

Kazi hii ni ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za wagonjwa na wanachama ni miongoni mwake.