SUKARI NYINGI NA AFYA YA MWILI

Kabla ya jua kuchomoza, watu wengi wa Kiandutu, kando ya mji wa Thika, huwa njiani kwenda viwandani, sokoni au kwenye vibarua. Aghalabu huwa wamekunywa chai, na chai isiyo tamu huonekana kuwa si chai. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba sukari humpa mtu nguvu za kazi. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Sehemu iliyobaki ndiyo tutakayoieleza hapa.

Sukari ikisha kuliwa huingia upesi katika damu. Hapo kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuipeleka mwilini itumike kama kuni katika jiko. Isiyotumika hugeuzwa kuwa mafuta. Nguvu hizo hazidumu, na njaa hurudi mapema. Tena sukari haina cho chote cha kujenga mwili, kama kilivyomo katika maharagwe, maziwa au mboga.

Basi na tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 1015 + 1000, yaani 2015, kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula cha siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai; na ikipunguzwa hata vijiko 6 ni bora zaidi. Tuseme mtu anywa vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 3. Amekwisha kufika vijiko 12. Akinywa na soda moja ya mililita 300, ameongeza vijiko 7 au 8. Asali na maji ya matunda ya chupa pia huhesabiwa. Lakini nanasi au embe lililoliwa zima halimo katika hesabu hiyo.

Madhara ya kwanza huonekana menoni. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa meno. Madhara mengine huja kimya kimya. Mwili hunenepa, insulini hushindwa kufanya kazi yake vizuri, na sukari hubaki katika damu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili. Si sukari peke yake iletayo ugonjwa huu, kwa maana ukoo, unene na kukaa bila kazi ya mwili vina sehemu yao. Lakini vinywaji vitamu huzidisha hatari. Ukiachwa bila kutibiwa huharibu macho, figo na mishipa. Mtu aweza kupata kidonda mguuni asikisikie, hata mguu ukakatwa. Na mtu wa kibarua akipoteza mguu, nyumba nzima imepata hasara.

Uko ushahidi mkubwa kutoka Uingereza. Kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili, watu huko walipewa sukari kwa kipimo tangu 1940 hadi Septemba 1953. Kipimo kilipoondolewa, ulaji wa sukari ulipata kuwa karibu mara mbili. Mwaka 2024 wataalamu walieleza kwamba watu waliokuwa tumboni na wachanga wakati wa kipimo walipatwa na kisukari ukubwani pungufu kwa kadiri ya asilimia 35 kuliko waliofuata, na shinikizo la damu pungufu kwa asilimia 20. Basi mama mja mzito na mtoto mchanga ndio wa kuangaliwa kwanza. Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari katika uji wake; ndizi mbivu iliyopondwa yatosha kuutia ladha.

Twafanyeje basi? Usiache sukari kwa siku moja, kwani utachoka na kurudi ulikotoka. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, ungoje juma moja au mawili, kisha upunguze tena. Ulimi huzoea. Kiu na ikatwe kwa maji safi, wala si soda.

Mtu ye yote aonaye kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi usiku, kukonda bila sababu au kidonda kisichopona, asikawie kwenda hospitali kupimwa damu. Na mgonjwa anayetumia dawa za kisukari asibadili chakula chake bila shauri la daktari.

Vijiko 12 kwa siku ni karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, kwa mtu mmoja tu. Nyumba yenye watu wazima wanne ikipunguza nusu yake, itaokoa karibu kilo tatu. Fedha hizo zikinunua maharagwe, nguvu walizozitafuta katika sukari watazipata, nazo zitakaa.