Somo la 12: Atomi, Elementi na Jedwali Lake

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba kila kitu kina uzito na huchukua nafasi. Katika somo hili utajifunza juu ya chembe zinazounda vitu vyote. Mwisho wa somo utaweza kujibu swali hili: je, moto unaweza kuiangamiza elementi?

1. Atomi na elementi

Chukua kipande cha waya wa shaba. Ukikikata mara mbili, kila nusu ni shaba. Ukikisugua kwa tupa, ungaunga unaoanguka ni shaba vile vile. Sasa fikiri: kama ungeweza kuigawanya chembe moja ya ungaunga huo tena na tena, mwishowe ungefikia chembe ndogo kabisa ambayo bado ni shaba. Chembe hiyo huitwa atomi.

Atomi ni ndogo mno. Atomi milioni moja za shaba zikipangwa katika mstari mmoja, urefu wa mstari huo haufiki nusu ya milimita.

Kitu kilichoundwa kwa atomi za aina moja tu huitwa elementi. Shaba, chuma, dhahabu, zebaki, kaboni na oksijeni ni elementi. Maji si elementi, kwa sababu kila molekuli ya maji ina atomi 2 za hidrojeni zilizoungana na atomi 1 ya oksijeni. Kitu cha namna hii huitwa kampaundi.

2. Kitambulisho cha atomi

Katikati ya atomi kuna kiini. Ndani ya kiini mna protoni, na mara nyingi neutroni pia. Nje ya kiini kuna elektroni.

Idadi ya protoni ndiyo inayotambulisha elementi. Atomi yenye protoni 6 ni kaboni, yenye protoni 8 ni oksijeni, na yenye protoni 29 ni shaba. Idadi hiyo huitwa namba ya atomi.

3. Jedwali la elementi

Mwaka 1869 mwanasayansi wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi 63 zilizojulikana wakati huo katika jedwali. Alizifuatisha kwa uzito wa atomi zake, na zile zenye tabia za kufanana akaziweka pamoja. Mahali ambapo hakuona elementi ya kufaa, aliacha nafasi wazi, akaeleza tabia za elementi itakayopatikana. Mwaka 1875 elementi iitwayo gali iligunduliwa, nayo ikaijaza mojawapo ya nafasi hizo.

Siku hizi jedwali lina elementi 118, nazo hufuatana kwa namba ya atomi. Tafuta namba 79: ni dhahabu. Jirani yake, namba 80, ni zebaki. Atomi zao zimepitana kwa protoni moja tu, lakini tazama tofauti yao. Dhahabu ni yabisi ya manjano, nayo huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi. Zebaki ni metali ya majimaji yenye rangi ya fedha, nayo huchemka kwa nyuzi 357.

4. Jaribio

Vifaa: sufuria ndogo yenye maji, mfuniko mkavu, jiko.

Jinsi ya kufanya: Ukiwa pamoja na mwalimu au mzazi, chemsha maji. Shika mfuniko kwa kitambaa, uuweke juu ya mvuke kwa muda mfupi, kisha uugeuze.

Umeona nini? Matone ya maji yameshika mfuniko. Maji katika sufuria yalipungua, lakini hayakupotea. Yaligeuka mvuke, na mvuke ulipopoa ukawa maji tena.

5. Zebaki huenda wapi?

Katika sehemu kama Geita na Chunya, wapo wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki kuchenjua dhahabu. Zebaki huchanganywa na mchanga wa mawe yaliyosagwa, nayo hukamata chembe za dhahabu. Bonge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki hutoka, dhahabu hubaki.

Mtu akitazama huweza kusema, "Zebaki imeungua, imekwisha." Kusema hivyo ni kosa. Moto hauwezi kubadili idadi ya protoni katika kiini. Badiliko la namna hiyo ni la nyuklia, nalo halifanyiki jikoni. Kila atomi ya zebaki iliyotoka bado ina protoni 80. Imegeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Sehemu ya mvuke huo huvutwa na watu walio karibu. Sehemu nyingine hupoa na kutua juu ya paa, udongo na maji. Zebaki hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ndani ya maji, vijidudu huweza kuiunganisha zebaki na kaboni na hidrojeni. Kampaundi hiyo huingia katika samaki, kisha katika watu wanaowala. Huko Minamata, Japani, mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliowapata watu waliokula samaki wa ghuba yenye taka za kiwanda zenye zebaki. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata ili kupunguza matumizi ya zebaki.

Kwa hiyo, usishike zebaki wala usiichezee. Isichomwe kamwe ndani ya nyumba wala kwenye jiko la chakula. Mchimbaji anayeitumia achome katika chombo kilichofungwa chenye bomba, mbali na makazi. Mvuke hupoa ndani ya bomba, na zebaki hurudi kuwa majimaji, kama ulivyoona kwenye mfuniko.

Mambo ya kukumbuka

Elementi ina atomi za aina moja.
Idadi ya protoni hutambulisha elementi.
Moto huweza kuihamisha elementi au kuiunganisha na nyingine, lakini hauwezi kuiangamiza.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya elementi na kampaundi.
2. Atomi fulani ina protoni 79. Ni ya elementi gani?
3. Kwa nini Mendeleev aliacha nafasi wazi katika jedwali lake?
4. Kuni zikiungua, atomi zake za kaboni huenda wapi?
5. Jirani yenu anachoma dhahabu yenye zebaki jikoni, huku watoto wamekaa karibu. Andika maneno ambayo ungemwambia kwa heshima, ukieleza sababu.