Kabla hujamlaumu fundi, kagua paa

Masika ikishaisha, Kilosa hubadilika rangi. Lori moja likipita barabara ya udongo, mwembe wa jirani unavaa wekundu mpaka kileleni, na kilichoupata mwembe kimeipata sola yako pia. Taa zikianza kuzima saa mbili usiku badala ya saa nne, wengi hukimbilia kwa fundi, naye atasema betri imechoka. Huenda ni kweli. Ila kwanza tafuta ngazi.

1. Pima mwenyewe. Kama kontrola yako inaonyesha ampea, isome saa sita mchana siku isiyo na wingu wakati betri bado inahitaji chaji. Kesho yake safisha paneli asubuhi, halafu isome tena saa ileile, betri ikiwa katika hali ileile. Mwenye paneli mbili za aina moja ana njia rahisi zaidi: asafishe moja tu, kisha azilinganishe.

2. Ogopa doa kuliko vumbi jepesi. Hili wengi hawalijui. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, umeme wa moja unapita kwenye nyingine, kama maji ndani ya mpira: ukiukanyaga sehemu moja tu, bomba zima linadhoofika. Vumbi lililotandaa sawasawa hupunguza mwanga kwa seli zote kidogo kidogo. Lakini kinyesi cha kunguru kikiziba seli moja, kundi lake zima linaburutwa, na seli hiyo inaweza kupata joto hadi ikaungua. Paneli nyingi zina diodi za kuupitisha umeme pembeni, ila hapo kundi zima linakuwa limetoka kazini. Chunguza hasa ukingo wa chini wa fremu. Umande wa usiku huteremsha vumbi na kuligandisha pale, ukapata mstari wa tope wa upana wa vidole viwili. Ukiitazama paneli kwa mbali utasema ni safi kabisa.

3. Usiilaze kabisa. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua halihitaji mwinamo mkubwa. Vumbi ndilo linalouhitaji. Iinue nyuzi 10 hadi 15, uso uelekee kaskazini, mvua ikusaidie kazi.

4. Osha alfajiri. Umande umeshalainisha uchafu, na kioo bado ni baridi. Kumwagia maji baridi kioo kilichochomwa na jua la mchana ni kukitafutia ufa. Maji ya mvua ni bora. Ya kisima chenye chumvi yakikaukia juu ya kioo huacha madoa meupe, basi yafute mapema. Tumia sifongo au kitambaa laini kilichofungwa kwenye mti mrefu. Stili waya na sabuni ya unga viache jikoni kwenye masufuria. Wala usifute pakavu: vumbi lenye mchanga ni msasa, na kioo kilichochubuka hushika vumbi haraka zaidi.

5. Walio upande wa Ruhembe na Kidodi, miwa ikichomwa kabla ya kuvunwa mnajua wenyewe hali ya nguo kwenye kamba. Masizi yale hayatoki kwa maji matupu. Weka matone machache ya sabuni ya maji, kisha suuza vizuri.

6. Usikanyage paneli. Na kagua nyaya kwanza, maana kukiwa na mwanga paneli inatoa umeme hata kama umezima kila kitu ndani.

7. Ihurumie betri. Betri ya maji isiyojaa wiki baada ya wiki hujenga ugumu kwenye sahani zake, na ugumu ukikomaa hautoki hata paneli ikiogeshwa kila siku.

8. Usisubiri vuli. Manyunyu ya kwanza hayaoshi: yanageuza vumbi kuwa matope, jua linatoka, na kufikia saa nane mchana umepakiwa lipu.