Uliza Volti Kwanza, Bodi Baadaye

Mwaka huu ngeli na methali nawaachia wengine. Mimi nimekuja na mambo ya waya, na nina sababu: likizo iliyopita niliunguza bodi niliyoinunua kwa nauli ya muhula mzima. Muhula mzima nilikuja shule kwa miguu!

Bodi ni kipande kidogo kinachobeba maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo mno inayofanya kazi ile tu uliyoiandikia programu. Moduli ni vifaa unavyoiunganishia ili ipate macho, masikio na mikono.

Mimi nilitaka kupima maji ya tangi la nyumbani, kwa maana mama amechoka kupanda ngazi kuchungulia. Nilianza na Arduino Uno R3 ya kuazima kwa binamu yangu. Bodi hii hutumia volti 5, na ina pini 14 za dijitali na 6 za analogi. Juu ya tangi nikafunga moduli ya HC-SR04. Hii hutoa sauti ambayo sikio halisikii, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi. Hufika hadi mita 4 hivi. Ikafanya kazi sawasawa!

Basi tamaa ikaniingia. Nilitaka kuona maji kwenye simu, na Uno hiyo haina Wi-Fi. ESP32 inayo, na Bluetooth juu yake. Nikainunua, nikahamisha waya vilevile zilivyokuwa. Kumbe pini za ESP32 ni za volti 3.3, na pini ya Echo ya HC-SR04 hurudisha volti 5! Siku ya tatu bodi ilikuwa moto kama chapati, na haikuamka tena.

Dawa yake ni rezista mbili za bei ya peremende. Weka ya kilo-omu 1 kati ya Echo na pini ya bodi, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyohiyo hadi GND. Piga hesabu: 5 × 2 ÷ 3 = 3.3. Si hii ndiyo Fizikia tunayofundishwa darasani jamani?

Kwa hivyo ukitaka kununua, anza na kazi yenyewe, halafu moduli, na uisome volti yake. Bodi ije mwisho. Kama huhitaji Wi-Fi, Uno inatosha kabisa. Na mota usiichomeke kwenye pini moja kwa moja: pini ya Uno yafaa itoe miliampea 20 tu, na mota hutaka nyingi zaidi. Mota ndogo ya betri itafutie moduli ya kuiendesha. Pampu ya stima ya volti 240 mwachie fundi, hiyo si ya kuchezea.

Kwa sasa Uno ya binamu imerudi tangini, nami nimerudi kutembea. Mwenye ESP32 iliyolala bure kabatini anitafute Kidato cha Tatu.