Watoto wa Mjane Walileta Vyombo

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Tukihubiri habari ya mjane na mafuta, tunawasahau wanawe. Mdai alitaka kuwachukua watumwa, na kumbe ni hao hao waliomletea mama vyombo akimimina.

Mwaka jana niliporudi hapa Todonyang kutoka mkutano wa Lodwar, nilimkuta mke wangu ana malaria, amejikokota mpaka jikoni kukoroga uji. Watoto watatu wamekaa wanamtazama. Kifungua mimba, miaka kumi na miwili, hajui kuwasha moto. Mimi nilisomea biashara, nafundisha watu bajeti, lakini kwangu sikuwa nimefundisha hata uji. Nilitubu.

Sasa tunatumia vilivyopo. Kwa kikombe, mtoto anapima unga na kuhesabu utafika siku ngapi. Kwa mtungi wa lita 20, anatenga maji ya kunywa kwanza, ya kuosha baadaye. Kwa jivu anasugua sufuria. Kwa sindano anarudisha kifungo. Wavulana pia, tafadhali!

Wiki hii, mzazi, chagua kazi moja. Mwonyeshe mtoto, fanyeni pamoja, kisha mwachie afanye mwenyewe. Akikosea, usimnyang'anye mwiko.