Kipindupindu: Mfereji Uliovunjika Ukiwa Wazi

Mama mmoja wa Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, aliniletea mtoto wake wa miaka minne, macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjika. Usiku alikuwa ameanza kumpa maji ya chumvi na sukari, kisha akaacha.

"Daktari, nilimpa vikombe vitatu na bado alizidi kuhara. Nikaona yanamwongezea."

Sikumlaumu. Wengi wetu hudhani kwamba maji hayo ni dawa ya kuzuia kuhara. Sivyo, na ili uelewe kwa nini, hebu tuingie ndani ya seli moja ya utumbo.

Kila seli hupokea amri kutoka nje. Chini ya utando wake zimo protini ziitwazo protini za G, ambazo kazi yao ni kuzipokea amri hizo na kuzipitisha ndani. Wamarekani Alfred Gilman na Martin Rodbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994 kwa kuzigundua. Zifikirie kama mfereji wa muuza maji. Protini ikishika kemikali iitwayo GTP, mfereji hufunguka. Ikiikata kemikali hiyo, mfereji hujifunga wenyewe.

Bakteria wa kipindupindu hukaa juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo huingia ndani ya seli na kuibandika protini ya G kipande cha kemikali, nayo hupoteza uwezo wa kuikata GTP. Mfereji umevunjika ukiwa wazi! Seli hujaa kijumbe kiitwacho AMP ya mviringo, vijia vya kloridi hufunguka, chumvi humwagika utumboni na maji huifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Ndiyo maana choo chake hufanana na maji yaliyooshea mchele, na ndiyo maana mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kuwa maiti jioni.

Vidonge vya kuzuia kuhara haviufungi mfereji huo, na mtoto asipewe kabisa. Viuavijasumu hufupisha ugonjwa, lakini havitengenezi protini iliyoharibika. Kinachotuokoa ni kwamba seli za utumbo hubanduka na kuota mpya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Kazi yetu ni kumweka mgonjwa hai mpaka seli mpya zifike.

Na njia ipo. Katika seli hiyo hiyo kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi, unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji yakafuata. Chumvi peke yake haipiti vizuri hapo, inahitaji sukari. Mwaka 1971, mwaka ambao kipindupindu kilifika Kenya, Daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko huo wakimbizi waliokuwa Bangaon, India. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi tumia pakiti ya ORS, na usome imeandikwa maji kiasi gani. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi isizidi. Usiyaamini maji ya jerikani bila kuyachemsha au kuyatia dawa, maana mabomba ya plastiki mitaani mwetu hupita kandokando ya mitaro ya maji taka.

Mpe tena kila anapohara. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Anayenyonya asiachishwe. Akilegea, asipokojoa au akishindwa kunywa, mkimbize hospitalini, hata kama ni usiku wa manane.

Mtoto yule alitundikiwa maji ya mshipani. Siku ya tatu alikuwa bado anahara kidogo, lakini aliomba uji.