Mtiki Ukipauka: Vidokezo kwa Wenye Mashua

Mtiki, au msaji kama wanavyouita wazee wa pwani, una historia ndefu baharini. Majahazi makubwa ya Kuwait yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi Mombasa na Unguja yaliundwa kwa mbao hizo kutoka Malabar. Manowari ya Kiingereza HMS Trincomalee, iliyoundwa Bombay kwa mtiki na kushushwa majini mwaka 1817, inaelea mpaka leo kule Hartlepool, Uingereza. Mbao ya namna hiyo haiuawi na jua. Inauawa na mikono ya wenyewe kwa brashi ngumu, dawa kali na msasa usiokwisha. Kwa hiyo sitaha yako ikipauka, usikimbilie dukani. Soma haya kwanza.

1. Kijivu si ugonjwa

Miale ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Mvua na mawimbi huiosha, zikabaki juu nyuzi tupu zenye rangi ya fedha. Tabaka hilo ni jembamba kuliko ukucha. Chini yake mbao ni ileile ya siku ya kwanza, na mafuta yake ya asili yamo. Jua na mvua vikiachiwa kazi peke yake, hula mbao ngumu kwa milimita chache tu katika miaka mia. Mtu mwenye brashi ya waya huzimaliza milimita hizo kwa misimu michache.

Rangi ya kuogopa ni nyeusi. Weusi maana yake kuvu limeota, au maji yameingia mahali na hayapati pa kutokea.

2. Pima kabla hujagusa

Siku kavu, dondosha tone la maji juu ya ubao. Likisimama mviringo, mafuta au vanishi uliyopaka bado inafanya kazi. Likizama mara moja, mbao iko uchi. Kisha chukua bisibisi na udungedunge taratibu kwenye ncha za mbao, chini ya vyuma vilivyofungwa sitahani, na pale mlingoti unapopita. Ncha ikizama bila nguvu, hapo pameoza, na hakuna kuosha wala kupaka kutakakopaponya. Kata, ubadilishe.

3. Osha kwa maji ya bahari, ukikatiza nyuzi

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote, na kama utakumbuka kimoja tu, kumbuka hiki.

Kila ubao wa mtiki una mistari migumu na mistari laini inayopishana. Ukisugua kwa kufuata mistari hiyo, brashi hutulia kwenye iliyo laini na kuichimba, huku migumu ikibaki imesimama. Pitisha kiganja kwenye sitaha ya mashua iliyosuguliwa hivyo kwa miaka: utahisi matuta kama ya shamba lililolimwa. Maji na uchafu hulala katika mifereji hiyo, kuvu huota humo, mwenyewe akaona weusi, akasugua kwa nguvu zaidi. Ndivyo sitaha nzuri inavyoisha.

Tumia dodoki au sponji, sabuni kidogo isiyo kali, na ndoo ya maji ya bahari. Sugua kukatiza nyuzi, kwa mkono mwepesi. Maji ya chumvi ni bora kuliko ya bomba kwa kazi hii. Chumvi inayobaki huwasumbua kuvu na mwani, na kwa kuwa huvuta unyevu hewani, mbao hazikauki hadi kupasuka. Maji baridi yaachie vyuma na vioo.

Mwagia maji ya bahari kila wiki. Dodoki mara moja kwa mwezi linatosha. Damu ya samaki na mafuta ya injini, hata hivyo, havingoji zamu: vioshe palepale vinapodondoka.

4. Mashine ya kuoshea magari ibaki kwenye magari

Kwa dakika chache maji ya presha hung'oa mistari laini kupita brashi inavyofanya kwa mwaka. Sitaha itapendeza jioni hiyo, na itakuwa imezeeka.

5. Asidi kwa madoa, na kwa heshima

Doa jeusi la mviringo kuzunguka msumari ni kutu iliyokutana na tanini ya mbao. Sabuni haiwezi kulitoa. Linatolewa na asidi ya oksaliki, unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya kemikali. Uyeyushe katika maji ya uvuguvugu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ndani ya ndoo ya plastiki, wala si ya bati. Lowesha kwanza rangi na vyuma vya jirani ili asidi isivishike, paka kwenye doa, subiri robo saa hivi, kisha suuza kwa maji mengi sana. Vaa glavu na miwani, kwa sababu unga huo ni sumu, na watoto wasikaribie. Kwa doa dogo, maji ya ndimu yanaweza kutosha.

Halafu ondoa chanzo. Ng'oa msumari wa chuma, weka skrubu ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Bila hivyo doa litarudi.

Zipo pia dawa za chupa mbili, moja ya magadi makali na nyingine ya asidi, zinazorudisha rangi ya upya mbele ya macho yako. Tazama yale maji ya kahawia yanayotiririka kwenda baharini: sehemu yake ni mbao yako. Ziache ziwe za mwisho kabisa, na si za kila mwaka.

Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe usiitumie. Inakula nyuzi na kuharibu mpira wa viungo. Na usithubutu kuichanganya na asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

6. Msasa una hesabu

Sitaha za mashua nyingi za kisasa zimetandikwa mbao za milimita 6 hadi 12 tu, juu ya faiba. Kila ukipiga msasa unapunguza akiba ambayo hairudi. Piga pale tu matuta yanapokuwa makubwa kiasi cha kuhifadhi maji. Anza na namba 80 kama hali ni mbaya, malizia na 120, ukifuata nyuzi. Hapa kanuni inageuka, kwani msasa hufuata nyuzi na dodoki hukatiza. Kwa sehemu utakazopiga vanishi, endelea hadi 220.

Vaa barakoa, kwani vumbi la mtiki huwasha ngozi na kifua. Weka jiwe la kunolea karibu pia. Mtiki una silika, zile chembe za mchanga, na randa hupoteza makali upesi. Sufi ya chuma usiipitishe sitahani hata mara moja. Vipande vyake hubaki kwenye nyuzi, hushika kutu, na asubuhi una madoa mia.

7. Chungulia vizibo na viungo

Juu ya kila skrubu ya sitaha pana kizibo kidogo cha mbao. Mbao zikishalika, vizibo hubaki vyembamba na kuruka, na kila tundu linakuwa njia ya maji. Kazi ya kubadilisha ni ya subira, lakini haihitaji ufundi mkubwa.

Toa kizibo kwa ncha ya patasi, toa skrubu, shusha tundu chini kidogo kwa drili ili kizibo kipya kipate kina cha kushika. Rudisha skrubu, kisha futa kwa asetoni, kwa sababu mtiki una mafuta na gundi haishiki juu ya mafuta. Paka epoksi kidogo, ingiza kizibo kipya huku nyuzi zake zikielekea sawasawa na za ubao, gonga kwa nyundo ya mbao mpaka kikae. Kesho yake, usikate kilichozidi kwa pigo moja. Kata kwanza nusu ya juu, tazama nyuzi zinaelekea wapi, ndipo ukwangue iliyobaki upande ambao hautapasukia chini. Fundi anayekata kwa pigo moja mara nyingi huacha shimo chini ya usawa wa sitaha, na kazi inaanza upya.

Katika jahazi na mashua za kwetu viungo hupigwa kalafati. Pamba iliyolowekwa mafuta hupigwa kwa patasi butu hadi ijae, na mbao zikivimba majini hubana zenyewe. Sitaha za kisasa hutumia mpira mweusi. Ukiona umebanduka upande mmoja, ukate wote katika kipande hicho, safisha mfereji, futa kwa asetoni, laza ukanda mwembamba wa tepu chini ya mfereji, ndipo ujaze mpira mpya. Tepu hiyo inauzuia mpira kushika chini. Ukishika pande mbili tu, unavutika mbao zinapotanuka. Ukishika pande tatu, unachanika.

8. Chagua mapema kati ya kijivu, mafuta na vanishi

Kwa sitaha, msimamo wangu hauna kigugumizi: iache kijivu. Mtiki ulio wazi hautelezi kwa miguu mitupu hata ukilowa, na hiyo ndiyo sababu mabaharia waliupenda. Vanishi sitahani inatelezesha watu.

Mafuta yanapendeza wiki ya kwanza. Yale yanayouzwa kwa jina la mafuta ya mtiki hayakukamuliwa kwenye mtiki. Kwa kawaida ni mafuta ya kitani au ya tung yaliyochanganywa na thina. Jua la ikweta huyamaliza kwa wiki chache, na yale ya kitani hugeuka meusi na kuwa chakula cha kuvu. Ukianza mafuta umejifunga kuyapaka mwaka mzima. Mafuta ya nazi ndiyo mabaya zaidi kwa sitaha, kwani hayakauki kamwe, na vumbi lote la bandari litakaa hapo.

Sifa, mafuta ya ini la papa, ina mahali pake kwenye mbao za nje za jahazi na mashua za kazi, ambako wazee wameipaka vizazi na vizazi. Kwa mashua ya abiria harufu yake ni tatizo, na papa wenyewe wamepungua mno katika bahari yetu.

9. Vanishi ni ya vishikio, milango na usukani

Hapa ndipo rangi ya mtiki inapostahili kuonyeshwa. Subiri masika yaishe. Anza mnamo saa tatu asubuhi umande ukishakauka, maliza kabla ya saa tano, kwani jua la mchana huchemsha vanishi ikatoa malengelenge, na ukichelewa jioni umande utaipausha kabla haijakauka. Upepo wa kusi ukivuma na vumbi, ahirisha.

Futa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke safi. Mara ya kwanza paka vanishi iliyochanganywa na thina nusu kwa nusu, ili izame. Zinazofuata punguza thina hadi uipake tupu. Chini ya mara sita ni kupoteza muda. Nane ni bora. Kila mara ikikauka, pitisha msasa namba 320 kwa wepesi, futa, paka tena. Nunua vanishi ya vyombo vya baharini yenye kinga dhidi ya miale ya jua. Ile ya makabati ya nyumbani itabanduka kabla ya kaskazi kuingia.

Mkwaruzo ukitokea, uzibe wiki hiyohiyo. Maji hupenya hapo, hutembea chini ya vanishi, na doa la ukubwa wa punje ya mchele linakuwa la kiganja. Ongeza tabaka moja kila baada ya miezi michache, ingali inang'aa. Ukingoja ibanduke, utarudi kwenye mbao tupu.

10. Matambara yenye mafuta yanawaka yenyewe

Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Ukiyakunja matambara na kuyatupia pembeni, joto hilo hukusanyika hadi moto ukawaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji. Hili usilikawize hata kwa saa moja.

11. Turubai lina faida kuliko chupa zote

Kivuli hakigharimu asidi wala msasa. Vishonee vishikio mifuko ya turubai, tandika paa la kitambaa juu ya sitaha mashua inapolala nangani, na acha upenyo wa hewa chini yake ili unyevu usijifungie.

12. Ukibadilisha ubao, nunua kiini

Mtiki wa Burma una mashaka ya uhalali. Umoja wa Ulaya na Marekani waliliwekea vikwazo shirika la mbao la serikali ya huko mwaka 2021. Sisi tuna wa karibu. Tanzania imepanda mtiki tangu enzi za Wajerumani, na mashamba ya Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, huuza miti yake kwa mnada, huku bonde la Kilombero nalo likiwa na mashamba makubwa ya binafsi. Omba stakabadhi zake.

Kisha tazama ncha ya ubao. Kiini kina rangi ya kahawia yenye dhahabu na hunusa mafuta. Mbao ya pembeni ni nyeupe, haina mafuta hayo, na huoza upesi, na miti michanga ina nyingi ya hiyo. Ubao wenye ukingo mweupe, hata ukiuzwa nusu bei, usiupandishe chomboni.